Taarifa za Milipuko kwa Watoa Huduma za Afya ya Msingi Afrika Mashariki: Uhakiki wa Wakati, Lugha na Agizo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki aina ya maandishi ambayo wanataaluma wa Kiswahili hatujazoea kuyahesabu kuwa matini: taarifa fupi ambazo mamlaka za afya huwapelekea watabibu na wauguzi wa zahanati, vituo vya afya na kliniki za binafsi pindi ugonjwa wa mlipuko unapohisiwa au kuthibitishwa. Hoja kuu ni kwamba taarifa hizi kwa kawaida huandikwa kwa jicho la anayepokea ripoti, si la anayempokea mgonjwa. Makala yanazipima kwa vigezo vitatu, yaani wakati, lugha na agizo, kwa kurejelea milipuko ya Ebola, Marburg na mpox katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2018. Mwishoni yanatoa mapendekezo kwa watunga sera na kwa taasisi za Kiswahili zenyewe.

1. Utangulizi

Tarehe 20 Septemba 2022 Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan katika wilaya ya Mubende. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa kijana wa miaka 24. Kwa mujibu wa taarifa ya Shirika la Afya Duniani, dalili zilimwanza tarehe 11 Septemba. Alitibiwa katika kliniki mbili za binafsi bila kupata nafuu. Tarehe 15 akapelekwa hospitali ya rufaa, ambako alitengwa kwa kuhisiwa kuwa na homa ya virusi ya kutokwa damu. Tarehe 19 akafariki. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023, wagonjwa 142 walikuwa wamethibitishwa, na 55 kati yao walikuwa wamefariki. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 miongoni mwao wakapoteza maisha.

Makala haya yanajikita katika zile siku nne, tangu tarehe 11 hadi 15. Hospitali ya rufaa ilimtenga mgonjwa siku aliyofika. Hiyo ina maana kwamba maarifa yalikuwapo nchini, tena katika wilaya hiyohiyo. Yalichelewa kukutana na mgonjwa kwa sababu mgonjwa hakuanzia hospitali. Alianzia pale wagonjwa wetu wengi wanapoanzia, kwenye kliniki iliyo karibu na nyumbani. Tabibu wa kliniki kama hiyo huwaona watu wenye homa kutwa nzima, na wengi wao wana malaria. Kumlaumu kwa kutowaza Ebola ni kumdai asichopewa. Linalopaswa kuulizwa ni taarifa gani ilikuwa imemfikia, na kama ilimfikia, ilimwambia afanye nini.

Mfano wa upande wa pili upo, na ni wa nchi hiyohiyo. Mwezi Juni 2019, mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ukiwa umepamba moto, mtoto wa miaka 5 aliyevuka mpaka na familia yake kutoka Kongo alifikishwa hospitali ya Kagando, wilayani Kasese. Wahudumu walihisi Ebola mapema, mtoto akahamishiwa kitengo cha matibabu Bwera, ugonjwa ukathibitishwa, na maambukizi hayakuenea ndani ya Uganda. Kabla ya hapo, Uganda ilikuwa imewachanja wahudumu wa afya wapatao 4,700 katika vituo 165. Wahudumu wa Kasese walikuwa wameandaliwa kwa miezi kadhaa wamtarajie mgonjwa huyo. Mubende, iliyo mbali na mpaka, haikuwa na sababu ya kumtarajia. Baina ya hali hizi mbili, ujuzi wa kitabibu haukutofautiana sana. Kilichotofautiana ni maandalizi, na sehemu kubwa ya maandalizi ni maandishi na mazungumzo.

2. Taarifa kama matini: vigezo vya uhakiki

Mwaka 1998 nchi wanachama wa Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani zilikubali mkakati wa pamoja wa ufuatiliaji na udhibiti wa magonjwa. Tangu hapo, kituo cha afya cha ngazi ya chini kimekuwa macho ya mfumo mzima. Kituo huhesabu, hujaza fomu, hutuma, wilaya hujumlisha, taifa huamua. Mfumo huu una faida ambazo hakuna anayezibeza. Hata hivyo, umezaa mazoea ya kuandika ambayo makala haya yanayaona kuwa na kasoro: maandishi yanayopanda yana muundo makini, tarehe za mwisho na mtu wa kuyadai, yanayoshuka hayana hata kimoja cha vitu hivyo.

Mhakiki wa fasihi humuuliza mwandishi anamwandikia nani. Swali hilohilo linafaa hapa. Msomaji wa taarifa ya mlipuko ni muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku, ana wagonjwa kumi na wawili kwenye benchi, glavu zimebaki pakiti moja, na simu ina chaji kidogo. Ana dakika mbili za kusoma. Kwa hiyo taarifa inayomfaa ni ile inayojibu maswali matatu: Je, imefika kabla ya mgonjwa? Je, maneno yake yana maana moja tu kwa msomaji huyu? Je, inamwambia la kutenda kwa vifaa alivyo navyo? Maswali hayo ndiyo vigezo vitatu vya uhakiki huu.

3. Wakati: baina ya tetesi na uthibitisho

Mazoea ya kanda yetu ni kusubiri maabara. Kituo kinatoa sampuli, sampuli inasafiri, jibu linatoka, waziri anatangaza, kisha waraka unashuka. Utaratibu huu una mantiki kwa tangazo la umma, lakini kwa mtoa huduma una hasara kubwa, maana kipindi hatari zaidi kwake ni kile ambacho ugonjwa bado hauna jina.

Mlipuko wa Marburg wa Kagera unaonyesha njia mbili za kukabili kipindi hicho. Mwezi Machi 2023, Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kuwapo kwa ugonjwa usiojulikana uliosababisha vifo mkoani Kagera, siku chache kabla ya kuthibitisha Marburg tarehe 21 mwezi huo. Tangazo lile la kwanza halikuwa na jina la ugonjwa, lakini lilikuwa na manufaa yote ambayo tabibu wa Bukoba angeyahitaji: mahali, dalili na onyo. Mlipuko ulimalizika ukiwa na wagonjwa tisa, akiwamo mmoja ambaye hakuthibitishwa na maabara, na vifo sita. Januari 2025 mambo yalikwenda vingine katika wilaya ya Biharamulo, mkoa huohuo. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kuhisiwa Marburg tarehe 14; Wizara ikaeleza kuwa sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo; tarehe 20 Rais akathibitisha kuwapo kwake. Wote kumi waliohesabiwa kuwa wagonjwa, wawili kwa uthibitisho wa maabara na wanane kwa makadirio, walifariki.

Haidaiwi hapa kwamba siku zile sita ndizo zilizoua. Ushahidi wa dai hilo haupo. Linalodaiwa ni dogo zaidi, nalo linatosha: jibu la maabara lisiloonyesha virusi si ruhusa ya kumwacha muuguzi wa zahanati jirani bila neno. Serikali inaweza kuliambia taifa kuwa haijathibitisha, na saa hiyohiyo ikamwambia muuguzi amtenge kila mwenye homa aliyemuuguza au kumzika mtu aliyefariki kwa ugonjwa usioeleweka. Kauli hizi mbili hazipingani, kwa kuwa ya kwanza inahusu ukweli wa kisayansi na ya pili inahusu usalama kazini.

Gharama ya kuchelewa huwaangukia wahudumu wenyewe kwanza. Rwanda ilitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024. Hadi mlipuko ulipomalizika tarehe 20 Desemba, wagonjwa 66 walikuwa wamethibitishwa na 15 kufariki. Kiwango hicho cha vifo ni cha chini kwa ugonjwa huo, na matibabu yaliyotolewa yanastahili sifa. Lakini takriban asilimia 80 ya walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Takwimu hiyo inatuambia mahali virusi vilipokuwa kabla ya tangazo: vilikuwa wodini, mikononi mwa watu waliodhani wanauguza ugonjwa wa kawaida.

4. Lugha: neno moja, wagonjwa wawili

Kigezo cha pili ndicho kinachotuhusu zaidi sisi wa Kiswahili. Uganda na Kenya huwaandikia watabibu wao Kiingereza; Kongo na Burundi, Kifaransa; Rwanda ina Kinyarwanda pamoja na lugha hizo mbili; Tanzania hutumia Kiswahili na Kiingereza. Mgonjwa aliyevuka Mpondwe, Rusumo au Kobero hajui mipaka hii ya nyaraka. Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya kuvukia, lakini kwa sharti kwamba tukubali kuwa si kimoja.

Tuchukue neno homa. Kwa msomaji wa Tanzania, homa ni kupanda kwa joto la mwili. Kwa Wakenya wengi, katika mazungumzo ya kila siku, homa ni mafua. Mtu akiulizwa mpakani Namanga kama ana homa, jibu lake hutegemea upande aliozaliwa. Taarifa inayoandika “homa ya ghafla” bila kuongeza “joto la mwili limepanda” imemwachia msomaji achague ugonjwa.

Neno la pili ni jina lenyewe la kundi la magonjwa haya. Tumezoea kusema “homa ya kutokwa damu”. Jina hili linamfanya tabibu aisubiri damu. Ilhali wagonjwa wengi wa Ebola na Marburg hawatoki damu siku za mwanzo, na wengine hawatoki kabisa. Wanaanza kwa homa, maumivu ya kichwa na misuli, uchovu, kisha kutapika na kuharisha, dalili zinazofanana na za malaria na homa ya matumbo. Jina limebeba dalili ya mwisho na kuificha ya kwanza. Vivyo hivyo, mpox ilipoitwa “homa ya nyani”, jina lilitaja homa na mnyama, likanyamazia upele, ambao ndio alama inayomtambulisha mgonjwa, likanyamazia pia maambukizi ya mtu kwa mtu ya kugusana ngozi, yaliyokuwa yakiendelea tangu Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023 hadi dharura ya kimataifa ilipotangazwa tarehe 14 Agosti 2024.

Neno la tatu ni mshukiwa. Katika magazeti yetu, mshukiwa ni wa polisi. Mama anayesikia mwanawe akiitwa mshukiwa wa Ebola ana sababu ya kumbeba na kuondoka usiku. Tanzania imelitumia neno mhisiwa katika taarifa zake, na hilo lina staha zaidi. Lakini bado ni jina la faili. “Mgonjwa anayehisiwa kuwa na Ebola” ni refu, ila linaanza na neno mgonjwa, na hilo humkumbusha msomaji kwamba aliye mbele yake anahitaji huduma.

Hata tarakimu zinahitaji uangalifu. Agizo la kutuma ripoti “kabla ya saa 8.00” ni asubuhi kwa anayesoma saa za Kiingereza, na ni alasiri kwa anayesoma saa nane yake ya Kiswahili. Maneno “asubuhi” na “mchana” yangeondoa utata kwa gharama ya neno moja.

Hatuwezi kulikwepa suala la lahaja. Wakati wa mlipuko wa mashariki mwa Kongo, uliodumu tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287, uchunguzi wa shirika la Translators without Borders ulionyesha kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu havikutosha kuwaeleza wakazi habari za Ebola. Walitaka maelezo kwa Kiswahili cha kwao na kwa lugha zao nyingine. Ni jambo la kutufikirisha. Usanifu tunaoutetea katika makongamano haya, ukifika Beni bila mfasiri, unaweza kuwa ukuta kama ulivyo Kifaransa.

5. Agizo: sentensi isiyo na mtendaji

Sentensi ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mjadala huu, lakini yeyote anayezisoma nyaraka hizi ataitambua: “Watumishi wote wanakumbushwa kuimarisha ufuatiliaji na kuchukua hatua stahiki kwa mujibu wa miongozo iliyopo.”

Sentensi hii haina kosa la sarufi. Kasoro yake ni kwamba haiwezi kutiiwa. “Wanakumbushwa” haimtaji anayekumbusha, hivyo hakuna wa kupigiwa simu. “Kuimarisha” hakuna kiwango, hivyo hakuna anayeweza kusema ameshindwa au amefaulu. “Hatua stahiki” zimeachwa kwa msomaji azibuni, na “miongozo iliyopo” ipo ofisi ya wilaya. Faida ya sentensi hii ni kwa aliyeiandika: janga likitokea, ataonyesha kuwa alikumbusha. Ni maandishi ya kujikinga, na anayekingwa si muuguzi.

Ilinganishwe na hii: “Akija mtu mwenye joto kali la mwili ambaye katika siku 21 zilizopita amemuuguza au kumzika aliyefariki ghafla: mweke mahali pake peke yake. Usimchome sindano wala kumtoa damu bila mavazi ya kinga. Usimwache aende kituo kingine. Mpige simu mratibu wa wilaya sasa hivi.” Hapa kuna masharti, muda, makatazo na namna ya kupata msaada. Katazo la tatu lina uzito wa pekee, kwa sababu njia ya mgonjwa wa Mubende, kutoka kliniki hadi kliniki, ilijirudia katika mlipuko wa Kampala uliotangazwa tarehe 30 Januari 2025: mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa, ambaye mwenyewe alikuwa muuguzi, alitafuta matibabu katika vituo kadhaa na kwa mganga wa jadi kabla ya kufariki.

Agizo linapaswa pia kusahihisha maarifa ya zamani. Baada ya mlipuko wa Kivu, wahudumu wengi wa kanda walijua kwamba Ebola ina chanjo. Chanjo hiyo ilikuwa ya aina ya Zaire. Haikuwa na kinga iliyothibitishwa dhidi ya aina ya Sudan iliyozuka Mubende. Kusema tu “Ebola” katika taarifa ya mwaka 2022 kungewapa wasomaji usalama wa uongo. Sentensi moja, “chanjo uliyopata mwaka 2019 haikukingi na hii”, ina thamani kuliko kurasa mbili za historia ya virusi.

Nje ya kanda kuna mazoea ya kuigwa kwa kiasi. Mtandao wa tahadhari za afya wa taasisi ya CDC ya Marekani huupa kila ujumbe daraja: unaodai hatua ya haraka, unaoshauri bila kudai hatua ya papo hapo, na unaoongeza habari tu. Daktari huona kwenye kichwa cha ujumbe kama aache alichokuwa akifanya au asome jioni. Kwetu, mlipuko na ratiba ya semina huweza kufika katika kundi moja la WhatsApp, kwa sauti moja.

6. Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni hofu: taarifa za mapema zitavuja, watalii watahairisha safari, mipaka itafungwa. Hofu hii ina msingi. Lakini taarifa huvuja hata isipoandikwa, na ikivuja kama tetesi huwa mbaya zaidi. Agizo la kumtenga mwenye homa lisilotaja jina la ugonjwa halina cha kuutisha utalii.

Pingamizi la pili ni uchovu: tahadhari nyingi mno huzoeleka. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kudai madaraja na ufupi. Watu huchoshwa na tahadhari zisizodai kitu kuliko zinazodai.

Pingamizi la tatu ndilo zito: taarifa nzuri haina maana mahali pasipo na glavu, sabuni na maji. Tunalikubali kwa sehemu. Lugha haizalishi glavu. Lakini taarifa iliyoandikwa kwa kumjua msomaji italazimika kumwambia afanye nini asipokuwa na glavu, na anayeiandika atalazimika kukiri kwamba hazipo. Huo pekee ni mwanzo wa sera.

7. Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na uhakiki huu, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, wizara za afya zitenganishe tangazo la umma na agizo la kazini, na agizo litoke ugonjwa unapohisiwa, bila kusubiri maabara. Pili, orodha ya wapokeaji ijumuishe kliniki za binafsi na maduka ya dawa, maana huko ndiko homa inakopelekwa kwanza. Simu ileile inayopandisha takwimu iweze kushusha agizo, na kurudisha jibu kwa kituo kilichoripoti. Tatu, wilaya zinazopakana zikubaliane juu ya taarifa moja fupi ya Kiswahili yenye maneno yaliyojaribiwa pande zote mbili, ikiambatana na lugha za wenyeji. Nne, kila taarifa isomwe na muuguzi mmoja wa zahanati kabla haijatumwa, na asipoielewa kwa dakika mbili, iandikwe upya.

Pendekezo la tatu linatuhusu sisi moja kwa moja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo Zanzibar. Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Kongo imeingia katika Jumuiya mwaka huohuo. Vyombo na maazimio tunavyo. Tumetumia muda mwingi kujadili kama isemwe kirusi au virusi. Wakati wa korona Tanzania iliandika UVIKO-19, Kenya ikabaki na jina jingine, nasi tukalijadili hilo kama suala la istilahi. Mjadala huo una nafasi yake. Hata hivyo, muuguzi wa zamu ya usiku hatuulizi istilahi. Anatuuliza kama homa iliyoandikwa kwenye karatasi yake ndiyo homa ya mtoto aliye mbele yake. Jibu la swali hilo liko ndani ya uwezo wa wataalamu wa lugha, na linapaswa kumfikia kabla mgonjwa hajaingia.